Kikaango cha Nyansiongo

Kikaango ninachokizungumzia kilikuwa kimevumilia mengi. Kilivumilia kuni mbichi za mkaratusi, kilivumilia majirani wa kuazima na kusahau kurudisha, kilivumilia wajukuu waliokigeuza ngoma. Hakuna kilichokitia hata ufa. Kilichokiangamiza ni mapenzi ya mjukuu mmoja aliyefika kutoka Nairobi kwa likizo ya Desemba, akiwa ameshaamua kwamba kimechafuka vya kutosha na lazima kisafishwe.

Majina ya wahusika siyataji. Kisa nakileta kwa ajili ya kufundisha, na aibu ya mtu haijawahi kumwongezea mwenzake ujuzi. Mahali ndipo pa kweli: Nyansiongo, Borabu, kaunti ya Nyamira, kule juu kwenye baridi, chai na ng'ombe wa maziwa.

Asiyeijua Borabu atauliza kikaango cha chuma cha Kizungu kilifikaje katika jiko la Mgusii. Jibu liko kwenye ardhi yenyewe. Enzi za ukoloni, ukanda ule ulio mpakani mwa Wagusii na Wakipsigis ulitwaliwa ukawa mashamba ya walowezi, sehemu ya makazi ya Wazungu ya Sotik. Wanaume wa Kigusii walikwenda huko kutafuta kazi; wengine wakapalilia, wengine wakakamua ng'ombe, na wachache wakaingizwa jikoni. Uhuru ulipokaribia, serikali ilianza kununua mashamba hayo na kuyagawa chini ya ule Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza 1962, na Wagusii wakapata vipande vyao Nyansiongo, Lietego na kwingineko. Mlowezi aliyekuwa akifunga virago aliuza kilichouzika na kubeba kilichobebeka. Vitu vizito vya chuma vilibaki: jiko la Dover la kuni, pasi ya makaa, vikaango. Nani atalipia meli ibebe jiko?

Babu wa kijana wetu alikuwa mpishi katika moja ya mashamba hayo. Alipewa kikaango pamoja na kazi kwisha. Alipofariki, kikaango kikabaki kwa bibi, na bibi akakifanya cha chapati. Kilikuwa cheusi ndani na nje; ndani kuteleza, nje ukoko mnene wa mafuta na masizi ya miaka. Hakukiosha kwa waya wa kusugulia hata siku moja. Alikipangusa kwa kitambaa kikiwa bado na moto, akakipaka mafuta kidogo, akakitundika msumarini. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuwa na jina la utaratibu huo. Ndio huohuo ambao wakusanyaji wa Marekani huuandikia vitabu.

Sasa mjukuu. Simu yake ilikuwa imemwonyesha kwamba huko Marekani kuna watu wanaokusanya vikaango vya zamani vya chuma cha kumiminwa, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa katika kalibu ya mchanga, tofauti na kile cha kufuliwa kwa nyundo. Aliliona jina Griswold, kiwanda kilichoanzia Erie, Pennsylvania, mwaka 1865 na kufungwa 1957. Aliliona jina Wagner, la Sidney, Ohio, kiwanda cha 1891. Akaona bei. Kikaango kimoja adimu, maelfu ya dola. Asichokiona, kwa kuwa hakukitafuta, ni kwamba vile vya kawaida vya viwanda hivyohivyo huuzwa kwa makumi tu ya dola, kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi na chuma hakiozi upesi. Wala hakujiuliza mlowezi Mwingereza wa Sotik angenunuaje kikaango chake Ohio.

“Magokoro,” alimwambia bibi yake, “unajua hiki kinaweza kuuzwa pesa ngapi Marekani?”

“Omochokoro one, kwani Marekani wanapika chapati?”

Akacheka, bibi akacheka, na ruhusa ikapatikana humo humo ndani ya kicheko. Bibi alitoa sharti moja: kikaango kirudi kabla ya Krismasi.

Kijana akakigeuza. Chini hakuona herufi, ila ukoko. Akawaza, na hapa aliwaza sawasawa, kwamba huenda herufi zimefunikwa. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyomponza. Alimsikia mtu akisema kwamba ukitaka chuma kitakate, kitie motoni. Akakusanya magunzi na magogo, akawasha moto nyuma ya nyumba, akakitupia kikaango katikati, akaenda kuangalia mpira.

Ni kweli kwamba moto huondoa ukoko. Huondoa na vingine. Chuma cha kumiminwa ni kigumu lakini hakina subira. Sehemu moja ikipata joto jekundu na nyingine bado, kinapinda au kinapasuka, na kikishapinda hakinyooki tena, maana ukikigonga kinavunjika. Isitoshe, moto mkali hubadilisha uso wa chuma chenyewe. Kinatoka na rangi ya wekundu uliofifia, uso unakuwa na magamba, na tangu hapo mafuta hayashiki vizuri. Mkusanyaji mzoefu akiona wekundu ule anakirudisha mezani bila kuuliza bei. Na cha kijana kilitoka hivyo hivyo. Alipokiweka mezani, kilicheza kama kiti cha hoteli chenye mguu mmoja mfupi.

Angeishia hapo, hasara ingekuwa nusu. Lakini wekundu ulimkera. Kesho yake akapanda matatu hadi Keroka, kwa fundi wa kuchomelea, akamwomba apitishe grainda. Fundi hakuwa na kosa. Aliletewa chuma chenye magamba, akaambiwa king'ae, akaking'arisha. Cheche ziliruka. Ukoko uliobaki ukatoka, wekundu ukatoka, na katikati ya kelele ile kijana akaona kitu kinachoinuka kidogo chini ya diski, akapiga ukelele fundi azime. Zilikuwa herufi. Zilizosalia zilisomeka RICK, na chini yake WEST BR.

Kwa anayejua, hizo zinatosha. Kenrick, wa West Bromwich, Uingereza. Archibald Kenrick alianzisha kiwanda chake huko mwaka 1791, na vyombo vyake vya jikoni vya chuma vilisafiri kila palipokuwa na bendera ya Mwingereza. Kikaango cha mpishi wa Sotik kilikuwa na kila sababu ya kutoka West Bromwich, na karibu hakuna sababu ya kutoka Erie. Kijana alitafuta jina asilolihitaji, akalifuta alilokuwa nalo.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana funzo lenyewe liko katika mpangilio wa mambo. Kikaango kinageuzwa kwanza, kinasomwa, ndipo mkono unafuata. Aliyezoea vikaango hivi huanza kwa kukiweka juu ya kioo au meza iliyonyooka na kukisukuma kwa kidole: kikizunguka, kimepinda. Kisha hukishika kwa mpini na kukigonga kwa mwiko. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Bado hajatumia hata tone la maji.

Halafu anatazama chini. Kuna vikaango vyenye mstari ulioinuka unaokata kitako upande hadi upande. Huo ni kovu la mahali chuma kilipoingilia kwenye kalibu, na kwa kawaida ni dalili ya karne ya 19, kabla viwanda havijahamishia njia ya kumimina pembeni na kuisugua isionekane. Kuna vyenye pete iliyochomoza kuzunguka kitako. Pete hiyo ilikuwa ya kukaa juu ya tundu la jiko la chuma la kuni, na nambari unayoikuta juu ya mpini au kwenye kitako, tuseme 8, mara nyingi inahusu ukubwa wa tundu hilo. Wengi hudhani ni inchi, wakipima wanashangaa: namba 8 ya Kimarekani ina upana wa juu wa karibu inchi 10.5. Maneno yanayosema kimetengenezwa Marekani, MADE IN USA, mara nyingi yanaonyesha kikaango cha miaka ya 1960 kuja huku, kwa hiyo anayekuuzia chenye maneno hayo kama mali ya enzi za Malkia Victoria ama hajui ama anajua sana.

Mkono nao unasema. Viwanda vya zamani vya Marekani vilisugua ndani ya kikaango hadi kikawa laini, na chuma kilikuwa chembamba na chepesi kuliko unavyotarajia. Vikaango vya leo, hata vya kampuni yenye umri kama Lodge ya Tennessee, ya 1896, huachwa na vijipunje vya mchanga wa kalibu. Vyote vinapika. Lakini usilipie punje bei ya ulaini.

Palipo na bei hapakosi wajanja. Kikaango maarufu cha Griswold chenye nembo ya buibui kimeigwa mno. Njia ya kuiga ni rahisi: unachukua kile halisi, unakichapisha mchangani, unamimina chuma chako. Ila chuma hunywea kinapopoa, kwa takriban sehemu 1 katika 100, kwa hiyo mwigo hutoka mdogo kidogo kuliko mama yake, na herufi hutoka zimevimba kingo. Mikwaruzo ya mviringo ya grainda ndani yake humaliza ushahidi. Ndiyo maana kikaango halisi kikishapitiwa na grainda huanza kufanana na cha bandia, na mnunuzi wa mbali, asiyekujua wala kumjua babu yako, hatakupa nafasi ya kujieleza.

Mbona basi kijana hakungoja? Nadhani sufuria ndiyo iliyomfunza vibaya. Sisi tumelelewa na alumini. Katika nyumba nyingi za Gusii, sufuria huanikwa nje asubuhi ziwake jua, na mwanamke hupimwa kwa mng'ao wake. Majivu, mchanga na waya wa kusugulia vimefanya kazi hiyo tangu utoto wetu. Jicho lililolelewa hivyo likiona weusi linaona uchafu. Kwenye chuma cha kumiminwa ule weusi wa ndani ndio chombo chenyewe: ni mafuta yaliyoungua polepole, tabaka juu ya tabaka, yakawa ngozi ngumu inayozuia kutu na kuzuia chapati isigande. Bibi alichukua miaka kuijenga. Diski ya Keroka iliimaliza kabla chai ya fundi haijapoa.

Kama kweli ukoko wa nje umezidi na unataka kusoma kitako, ipo njia ya pole. Watengeneza sabuni wetu wanaijua kostiki soda. Maji yake hula mafuta yaliyoganda na hayagusi chuma. Unavaa glavu ndefu na miwani, unatia maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki ndipo soda ifuate, usigeuze mpangilio huo, na watoto wanakaa mbali kabisa, kwa sababu kitu kile kinaunguza ngozi na kupofusha macho. Kamwe usitumie sufuria: soda hula alumini na kutoa gesi inayowaka. Kikaango kinalala humo siku kadhaa. Kutu iliyobaki hutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa muda mfupi huku unakichungulia, maana siki ikiachwa inaanza kula chuma chenyewe. Kisha unakikausha motoni, unakipaka mafuta, unayafuta yote kana kwamba umeyapaka kwa bahati mbaya, unakifudikiza juu ya jiko la makaa hadi moshi uishe. Unarudia. Jambo hili lina uvivu wake mtamu, na anayelifanya kwa haraka atapata kikaango kinachonata.

Lipo jingine ambalo halihusu bei hata kidogo, na ningeomba mama yeyote anayenunua chuma kikuukuu alisome mara mbili. Kikaango cha zamani huenda hakikuwa cha chakula. Risasi, ile metali laini ya kwenye betri za magari, huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na chuma cha kumiminwa hakiyeyuki hadi joto lipite nyuzi 1,100. Kwa hiyo kote duniani, mtu akitaka kuyeyusha risasi za nyavu, za bunduki au za kuchomelea, chombo cha karibu kimekuwa kikaango kizee. Mabaki hujificha ndani ya ukoko. Huyaoni, huyanusi, na kuosha hakutoshi. Risasi inafanya nini mwilini, hasa kwa watoto, Kenya ilijifunza kwa machozi kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyushia betri kilisumisha mtaa mzima. Phyllis Omido aliyewapigania wakazi alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo kikaango kilichotoka jikoni kwa mtu unayemjua ni kimoja, na kilichotoka chini ya benchi la jua kali ni kingine. Hicho cha pili, kama huna maabara ya kukipima, kitundike ukutani. Usikikaangie hata yai.

Hapo ndipo unaona kwa nini historia ya kikaango ina uzito kuliko herufi. Bibi wa Nyansiongo angeweza kukuambia kilitoka shamba gani, kilipika nini, nani alikishika. Karatasi yenye maelezo hayo, pamoja na picha ya kitako kabla ya kuguswa, ingemfaa mkusanyaji yeyote makini, na zaidi ya hapo ingeifaa Borabu yenyewe, ambako wapishi wa mashamba wanaendelea kufariki bila mtu kuwauliza lolote. Hili si geni kwetu. Ebitinge, zile pete za chuma walizovaa wake wa Kigusii miguuni kuonyesha ndoa, ziliishia wapi? Nyingi ziliuzwa au zikatupwa zilipoonekana ushamba, na leo anayetaka kuziona hazipati kwa urahisi.

Adui wa siku zote, kwa kweli, si kijana mwenye simu. Ni mzani wa vyuma vikuukuu. Mnunuzi anapita na mkokoteni, anapima kwa kilo, na kwake kikaango cha Kenrick na kipande cha breki ya lori ni uzito tu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima, ikafunguliwa tena baada ya miezi michache. Marufuku ilikuwa ya kulinda nyaya na reli. Vikaango vya bibi havina askari. Kikishaingia kwenye lori la chuma chakavu kimekwenda kuwa nondo.

Kijana alijaribu bado. Alipiga picha za juu, akaziweka mtandaoni, na Mmarekani mmoja akamwomba picha ya kitako. Alipoituma, hakujibiwa. Akafikiria kutafuta mnunuzi mwingine, akaulizia nauli ya kutuma kilo kadhaa za chuma hadi ng'ambo, akanyamaza.

Bibi hakugomba. Siku ya Krismasi alikitia jikoni kama kawaida, mafuta yakakimbilia upande mmoja, chapati ya kwanza ikaungua robo na kubaki mbichi robo, nyingine ikaganda. “Sasa chapati nipikie wapi?” aliuliza, na swali lilikuwa la jikoni kabisa, halikuwa na fumbo. Mjukuu akaenda Keroka tena akamnunulia cha kisasa chenye tabaka jeusi la kiwandani, kile ambacho ukikikwaruza kwa mwiko wa chuma kimekwisha. Bibi anakitumia. Anasema ni chepesi mno, hakishiki moto.

Na hapo amegusa jambo ambalo hata madaktari wamelipima. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia, ambao uliwalinganisha watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma na waliopikiwa katika vyombo vya alumini. Wa vyungu vya chuma walionekana kuongeza damu kuliko wenzao. Kikaango kizee kisicho na ufa, chenye asili inayojulikana, kina faida zaidi kikiwa juu ya moto kuliko kwenye rafu ya mtu asiyekitumia. Mimi kwa mawazo yangu nisingekiuza hata kingekuwa cha buibui, ila hilo ni la kila nyumba na shida zake.

Wewe uliye Nyansiongo, Kijauri, Manga au Keroka, na kwenu kuna kikaango cha aina hii, kigeuze leo kikiwa na ukoko wake. Kipige picha kitako, mpini na ndani. Muulize aliyenacho kilitoka kwa nani, katika shamba lipi, na nani alikuwa mpishi. Andika majina yote, na la mpishi uliandike kwanza. Ukimaliza, mrudishie mwenyewe kabla hajawasha jiko.